Polepole au Rahisi

Jumatatu, 11 Januari 1954
Tumetoka kwa daktari. Shule ya misheni haimpokei Sesilia wangu bila cheti chake. Mtoto ana miaka saba, na mbele ya wageni hasemi kitu. Hata leo. Daktari Mzungu akamwonyesha picha, dresa msaidizi wake akamuuliza kwa Kiswahili cha mbiombio, yeye macho sakafuni. Kwenye kadi daktari kaandika maneno mawili tu: Slow? Simple? Turudi Ijumaa.

Mume wangu Revelian ana Kiingereza cha bandarini. Kasoma, kacheka. La kwanza polepole, la pili rahisi. Mtoto wa polepole, tena rahisi — mke wangu, amemsifu huyo.

Nimepika ndizi kwa furaha.

Jumanne, 12 Januari
Nimemweleza Bi Somoe wa chumba cha mbele, tukiwa bombani. Hakufurahi. "Rahisi ni dagaa wa jioni, mwanangu. Mtu hawi rahisi."

Na zile alama za kuuliza — mtu akisifu, anauliza nini?

Jumatano, 13 Januari
Nimempelekea kadi Mwalimu Adelard wa misheni. Kasoma, kavua miwani. Hesabu ikiwa simple ni rahisi, kasema. Mtu akiwa simple ni jambo jingine. Nikamwomba asinifiche.

"Slow ni mzito wa kujifunza, lakini anafika. Simple ni punguani, mama. Hafiki."

Kuna na dull, kasema: butu kama kisu, huyo hunolewa. Lakini daktari hakuandika dull. Slow, shule inampokea. Simple, inamrudisha nyumbani, basi. Alama za kuuliza maana yake daktari hajaamua. Ijumaa atafuta neno moja.

Neno moja tu! Nimefika nyumbani, Sesilia ananisimulia vita vya kuku wa Bi Somoe. Kihaya chamiminika. Kiswahili hakitoki. Ee Mungu.

Alhamisi, 14 Januari
Kutwa picha. Sema ng'ombe. Sema nyumba. Nimemfinya. Mie, nimemfinya mwanangu. Tumelia wote.

Ijumaa, 15 Januari
Naandika kwenye benchi, nje ya mlango wa daktari.

Picha ilikuwa ya ng'ombe. Dresa kauliza mara mbili. Kimya. Kalamu ya daktari ikaelekea kwenye kadi — nikapiga magoti, nikamsihi mtoto kwa Kihaya, sema, mwanangu. Akasema! Kwa Kihaya, kasauti kadogo. Daktari akauliza amesema nini. Nikajibu mbio: ng'ombe.

Hakusema ng'ombe. Alisema, "Mama, mbona mikono yako inatetemeka? Amekufanya nini huyu?"

Daktari kaweka kalamu. Kasema neno ng'ombe haliwi refu hivyo, tungoje: yuko dresa mwingine, Fransis, Mhaya wa Bukoba. Aje amuulize mtoto mwenyewe alisema nini.

Nimfundishe Sesilia uongo wangu? Au aseme kweli — na kweli hiyo ni ya slow, au ya simple? Mwalimu hakunipa neno la mtoto anayeona mama yake anaogopa.

Fransis anavuka uwanja, anafuta mikono. Sesilia kanivuta kanga. Ananiuliza, mama, yule nimwambieje —