Mvua Ilipokatiza Ubeti wa Tatu

Nyaishozi, Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika chache jioni. Manyunyu yalianza asubuhi na ukungu haukutoka kilimani mpaka saa tano. Nimechoka, nina furaha, na vidole vyangu vinanukia parachichi.

Shajara yangu, wiki hii nimefanya makosa mawili ya kijinga na jambo moja la maana. Ngoja niyaandike yote kabla sijaanza kujisifu.

Kwa msomaji mgeni wa shajara hii ninayoiweka mtandaoni: nina duka la steshenari hapa senta, kando ya barabara. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, najazia watu maombi ya kazi mtandaoni. Wengine huniita fundi kompyuta. Huwa siwakatazi, ingawa wiki hii nimeona jina hilo limenipwaya.

Jumatano alikuja Ma Damari kutoka Nyakasimbi. Ni mjane wa Ta Yoeli (Ta kwetu ni baba au mzee), aliyefundisha kwaya ya usharika wao miaka mingi mpaka alipofariki mwaka jana. Kesho Jumapili familia inasimika msalaba kaburini kwake, na kwaya imepanga kuimba wimbo alioutunga mwenyewe kwa Kinyambo. Shida ni ubeti wa tatu. Hakuna anayeukumbuka sawasawa. Alto wanasema unaanza hivi, besi wanasema unaanza vile, na mazoezi mawili yameshavunjika watu wakiwa wamenuniana.

Tumaini pekee ni video. Bwana Anold, aliyewahi kuwa bwana afya huku na sasa anaishi Morogoro, aliwarekodi siku moja wakiwa mazoezini, Ta Yoeli akiwa amesimama mbele yao. Ameipandisha mtandaoni, faili moja la gigabaiti tano na ushee, akamtumia Ma Damari kiungo kwenye simu. Kiungo hicho mwisho wake ulikuwa leo saa kumi na mbili jioni. Anold mwenyewe yuko safarini na kompyuta ameiacha nyumbani, kwa hiyo hapakuwa na wa kutuma mara ya pili kabla ya kesho.

"Mwanangu, hiki kitu ni kizito, simu yangu imekikataa," aliniambia.

Nikamjibu asiwe na wasiwasi, amefika. Nikilikumbuka neno hilo natamani kuingia chini ya meza.

Kosa la kwanza lilikuwa la haraka. Nililipakua faili kwa kivinjari cha kawaida, nikageukia kopi za watu. Mchana mtandao ukayumba, ukarudi, ukayumba tena. Baadaye nikakuta kivinjari kimeandika kwamba kazi imekamilika. Nikalifungua faili, nikaona watu wanaimba, nikalihamishia kwenye flashi na kumkabidhi mama wa watu. Ukubwa wake sikuutazama. Anayenunua debe la maharage hutia mkono mpaka chini, lakini mimi nilitazama ya juu tu nikaridhika.

Alhamisi asubuhi alirudi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema ubeti wa pili wameuimba vizuri, halafu mvua ikaja humo kwenye video, na picha ikaishia hapo. Nilipolinganisha, faili langu lilikuwa na gigabaiti tatu na kidogo. Mtandao ulipokatika, kivinjari kilidhani hapo ndipo mwisho.

Nikamwomba radhi, nikaweka programu ya kupakua inayojua kuendelea ilipoishia. Inachukua faili vipande vipande, na kando yake inaandika imefika wapi. Mtandao ukikatika haianzi upya. Ukirudi, inaiambia kompyuta ya mbali kwamba hivi ninavyo tayari, nipe vilivyobaki. Ni kama kahawa ya maganda mvua inapokuja: unaianua ilivyo, jua likitoka unaianika tena. Sijamwona mtu Karagwe anayemwaga kahawa kwa kuwa haikukauka siku ya kwanza.

Nilipofunga duka Alhamisi nilikuwa na gigabaiti nne na nusu. Nikasimamisha programu, nikazima mashine, nikaenda nyumbani nikijiimbia.

Kosa la pili linaniuma hadi sasa.

Kila asubuhi mimi hufagia mara mbili, kwanza sakafu, kisha mashine. Flashi za wateja hutuletea virusi vya kila aina, na mafaili yenye majina ya ajabu hujaa kwenye kompyuta bila kukaribishwa. Wenye steshenari wote hapa senta tuna mazoea hayohayo: faili usilolijua futa, pipa la taka mwaga, ndipo ufungue kazi. Ijumaa nilikuta faili kubwa lenye jina refu lisiloeleweka, halifunguki kwa kitu chochote, na kafaili kadogo pembeni yake. Nikavifuta vyote viwili. Nikamwaga pipa. Kisha nikafungua ile programu ili niendelee na kazi ya Ma Damari.

Sifuri.

Umeme ulikuwapo, mtandao ulikuwapo, na mvua haikuwa imenyesha. Zile gigabaiti nne na nusu nilikuwa nimezifuta kwa mkono wangu, tena kwa bidii ya usafi. Saa tatu umeme ukakatika kweli na haukurudi mpaka jioni, kwa hiyo hata kuanza upya sikuweza.

Na hapa niungame. Ma Damari alipopiga simu mchana, nilimwambia tumekwamishwa na umeme. Ulikuwa umekatika, sikudanganya, ila si umeme uliofuta lile faili. Usiku nililala vibaya kwa sababu ya huo ukweli nusu.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa dukani na kompyuta mpakato ya dada yangu, ambayo betri yake inakaa na chaji. Kabla ya yote nilihakikisha diski ina nafasi ya kutosha. Nikatengeneza folda nikaiita TA YOELI MTU ASIGUSE, na huyo mtu niliyemkusudia ni mimi. Simu ya kutoa intaneti nikaitumbukiza kwenye kikombe dirishani, ikitazama mnara. Mlangoni nikabandika karatasi: picha za pasipoti baada ya saa kumi.

Ma Damari alifika saa nne na kapu la ndizi mbivu na maparachichi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatazama kioo cha mpakato, kisha akanitazama mimi.

"Kula kwanza," akasema. "Mashine nayo inakula."

Niliiweka ndizi mezani. Nikamwambia yote, kufagia, kufuta, kumwaga pipa, na maneno yangu ya simu. Nilisema haraka haraka nikitazama namba kwenye kioo, iliyokuwa imefika gigabaiti mbili.

Alimaliza kumenya parachichi, akanigawia nusu, ndipo akaniambia jambo alilolibeba mwaka mzima. Ta Yoeli aliuandika ubeti wa tatu. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la Jumapili. Baada ya mazishi nguo za marehemu hugawiwa ndugu, na kabla ya kugawiwa hufuliwa, maana hakuna anayemkabidhi mtu koti la marehemu likiwa chafu. Alilifua mwenyewe, kwa sabuni nyingi na machozi, bila kupapasa mifuko. Alipolianika, karatasi ilitoka imekuwa uji. Kwaya walipomuuliza, alisema mzee hakuwahi kuuandika.

"Wewe umefuta, mimi nimefua," akasema. "Wanawake wasafi sisi ni hatari."

Tulicheka mpaka mtu wa duka la pili akaja kuchungulia. Lakini baada ya kicheko nilielewa kwa nini alikuwa anarudi kila siku. Wenzake walikuwa wanagombania ubeti, yeye alikuwa anatafuta namna ya kuwatazama usoni kesho. Nilimuuliza kama ninaweza kuandika haya. Akasema niandike tu, atakuwa amewaambia mwenyewe kesho asubuhi kabla hawajaanza kunisoma.

Saa sita ikanyesha hasa. Mtandao ukaondoka na namba ikasimama kwenye tatu nukta nne. Ma Damari akaweka mkono kifuani.

"Imekufa?"

"Imenyamaza tu, mama."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua, huku nikikigeuza kikombe cha simu dirishani. Mvua ilipopungua, namba ikawa tatu nukta tano. Haikurudi nyuma hata kidogo. Saa saba umeme ukakatika, mashine kubwa ikazimika, mpakato ukaendelea na betri yake. Mtandao ulipotea mara mbili nyingine na kila mara Ma Damari alivunja ndizi moja moja bila kuzila. Saa tisa na robo ikaisha.

Safari hii sikufungua faili kwa haraka. Kwanza ukubwa, tarakimu kwa tarakimu, ukalingana na ule aliouandika Anold. Kisha alama ya uhakiki. Chini ya kiungo Anold alituma mstari mrefu wa tarakimu na herufi sitini na nne, ambao Jumatano niliudhani ni uchafu wa simu. Kumbe mstari huo unatokana na faili lenyewe. Kompyuta yangu inaukokotoa upya kutoka kwenye nakala yangu, na kitu kidogo tu kikiwa kimepungua au kuharibika, mistari hailingani.

Ma Damari akavaa miwani, akasoma kutoka kwenye simu yake kama anayegawa sauti mazoezini, nne nne, akipumua katikati. Saba, mbili, b ya Bukoba, tisa. D ya Damari, sifuri, f ya Fitina, f ya Fitina tena. Mimi nilifuata kwa kidole kwenye kioo. Ya mwisho ilikuwa e. Yangu pia ilikuwa e. Sikumbuki lini nimefurahia herufi kiasi hicho.

Ikabaki kutengeneza nakala. Flashi yake ilikataa faili kubwa namna hiyo mpaka iandaliwe upya, na kuandaa upya ni kufuta kila kilichomo. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Nikakirudisha. Tulipofungua tukakuta picha za ubatizo wa wajukuu wake wawili, ambazo hata yeye alikuwa amezisahau. Tukazihamisha kwanza. Sasa video iko kwenye mpakato, kwenye flashi yake, na kwenye flashi ya pili ya kuhifadhiwa ofisi ya usharika. Kila nakala niliipima alama yake, na kila flashi niliiaga vizuri, yaani niliiamuru kompyuta iiachie, kabla ya kuichomoa.

Ndipo tukatazama.

Ubeti wa pili unaisha, mvua inaanza kupiga bati la kanisa, Ta Yoeli anainua mkono na kwaya inanyamaza. Pale ndipo faili langu la Jumatano lilipokufa. Sasa likaendelea. Anold alikuwa ameiacha kamera benchi la mbele bila kuizima, na mvua ile ilinyesha dakika nyingi. Watu wanakaa. Mama mmoja anafunga dirisha. Ta Yoeli anatembea polepole hadi safu ya alto, anakaa kando ya mkewe, anachukua pindo la kitenge chake na kufutia miwani. Anamnong'oneza kitu. Ma Damari wa kwenye video anampiga begani huku akicheka, na mvua imefunika kila neno.

Nilimuuliza alisema nini.

"Hayakuhusu, mwanangu," akanijibu, bila kuondoa macho kwenye kioo.

Mvua ikapungua. Ta Yoeli akarudi mbele, na soprano mmoja akauliza kama waanze mwanzo. Akakataa. Kwa Kinyambo chake cha taratibu akasema hawaanzi mwanzo, wanaanzia pale mvua ilipowakuta. Wakaimba ubeti wa tatu, wote, mpaka mwisho. Besi ndio waliokuwa sahihi. Ma Damari, ambaye ni alto toka ujana wake, alifyonza, kisha akauandika ubeti kwenye karatasi yangu ya kopi, neno kwa neno.

Nilidhani ataomba wimbo tena.

"Nirudishie hapo pa mvua," akasema.

Nikamrudishia mara nne. Ni sehemu ambayo mimi, kwa usafi wangu, ningeikata ili faili liwe jepesi.

Aliondoka saa kumi na moja na nusu, flashi moja imefungwa kwenye pindo la kitenge, ya pili kwenye mkoba, ubeti ndani ya Biblia. "Webale, mwanangu," alinishukuru mlangoni, na akaniagiza niende kwao kesho na mpakato ukiwa umejaa chaji. Nikawapiga picha za pasipoti watu watatu waliokuwa wamenuna nje.

Sasa hivi nimekijaribu kile kiungo. Hakifunguki tena. Nimekitazama bila mapigo ya moyo kubadilika, nikafunga kioo.

Kesho naenda Nyakasimbi. Jumatatu nitafagia sakafu kama kawaida. Mashine nitaifagia baadaye, nikishapapasa mifuko.