Moyo Wenye Jina Langu

Nakivale, 2 Machi 2025

Shangazi Olga,

Leo nianze vibaya, salamu zitafuata, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Hata Mungu nimemwambia kwa kuzungukazunguka. Nina karatasi ya hospitali yenye jina langu, inasema moyo wangu una kasoro. Moyo wenyewe si wangu. Ni wa Divine, rafiki yangu wa benchi moja.

Sasa nakusalimu. Mgongo umepoa? Sisi wazima, maharage yameota vizuri. Mama anauliza kama kitenge chake umekishona.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita waganga wa hospitali walikuja shuleni na mashine ndogo ya kupiga picha moyo. Waliwataka wanafunzi wote, hasa wasioumwa kitu. Walisema kuna ugonjwa unaoanza na koo linalouma utotoni, kisha unakaa miaka kwenye milango ya moyo bila kuuma. Siku utakapoanza kuhema, umechelewa. Kila mmoja alete fomu yenye sahihi ya mzazi. Papa alitia yangu. Papa Nicodème, baba yake Divine, alikataa. Unamjua mzee yule wa kanisa: "Mutu muzima haendake kutafuta bugonjwa. Ukibutafuta, butakuona."

Siku ikafika. Nikiwa kwenye mstari nikasikia kwamba unavua shati, unalalia ubavu wa kushoto, na muganga ni kijana mwanaume. Pazia lilikuwepo, muuguzi mwanamke alikuwepo, lakini Shangazi, mimi hata jina langu likisomwa darasani naitika kwa kunong'ona. Nikatoka kwenye mstari. Divine akacheka: "Lete fomu. Weye unaogopa, miye napenda kuona moyo yangu ku televizyo." Akaingia kwa jina langu. Akatoka anasema mafuta yao ni baridi kama pua ya mbuzi. Tukaona tumefaulu wote wawili.

Baada ya wiki mbili mwalimu akanipa bahasha. Mlango mmoja wa moyo umeanza kunenepa, niende Mbarara na mzazi Alhamisi tarehe 20, kwa mashine kubwa zaidi. Divine akauliza, "Banasema nini?" Nikasema, "Hakuna kitu."

Hakuna kitu, Shangazi. Nilisema hivyo kwa sababu niliona uso wa Papa Nicodème kabla ya kuona wa Divine. Jana nilikuwa nimebeba mdogo wangu mgongoni, Divine akanichukulia bidoni yangu ya maji juu ya yake. Alipanda kilima akiimba. Mimi nyuma yake nilisikiliza pumzi zake, na zilikuwa nzuri kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Barua hii anakuletea Mama Larissa, anakuja Jumanne kununua mitumba. Simu ya Papa inasomwa na nyumba nzima.

Mtoto wako,
Ikirezi


Mbarara, 6 Machi 2025

Ikirezi, mtoto wa kaka yangu,

Mgongo ulikuwa umepoa mpaka nilipofungua bahasha yako. Wengine wote natumaini hamjambo. Kitenge kiko tayari. Mwambie mama yako ameongezeka tangu vipimo vya mwisho, lakini mwambie kwa upole.

Sitakugombeza, umejigombeza vya kutosha. Nilikwenda Kamukuzi kwa rafiki yangu Astère, muuguzi. Sikutaja majina. Nikamuuliza, mtoto asiyeumwa popote, ila mlango wa moyo umenenepa kidogo, kuna haja gani ya kumpeleka? Akaweka kikombe chini. "Olga, huo ndio wakati wetu mzuri. Alama ya namna hiyo kwa wengine inakaa ilivyo, kwa wengine inafutika yenyewe, na kwa wengine inakula mlango mpaka unaharibika. Kwa macho hatujui nani ni nani. Kwa hiyo tunamchunga: sindano moja kila wiki nne. Wale wanaofika kwetu hawawezi kupanda ngazi, hao ndio wananiliza."

Basi mwambie Divine kwanza. Kabla ya baba yake, kabla ya mchungaji. Mwenye moyo ndiye wa kwanza kupata habari zake. Kisha mwende kwa mzee pamoja. Mimi nitampigia kaka yangu akutume kwangu tarehe 19, hatanikatalia. Ila kumweleza kuhusu fomu aliyotia sahihi, huo ni mzigo wako. Ukirudi kutoka huku, uutue.

Shangazi yako


Nakivale, 13 Machi 2025

Shangazi mpenzi,

Asante kwa barua, imenipa nguvu kuliko chakula. Nyumbani wote wazima. Mama alicheka kuhusu vipimo, kisha akaacha kucheka.

Nilimwambia Divine Jumamosi, pale bombani. Aliweka bidoni chini. "Tangu siku ile, Ikirezi. Unaniangalia tu." Akachukua yake, akaniachia yangu. Siku zilizofuata darasani aliweka mkoba katikati yetu kwenye benchi. Jana akauondoa. "Twende kwa Papa. Lakini weye ndiye utasema. Miye nilishakuitikia ku mashine."

Papa Nicodème alikuwa anatengeneza zizi la mbuzi. Nilisema yote nikiangalia misumari. Akapigilia miwili, kisha akauliza, "Nani alianza?"

"Miye," nikasema.

"Miye," Divine akasema.

"Leo munagombania zambi kama sukari."

Akataka karatasi. Ni ya Kiingereza, yeye anasoma Kifaransa. Nikamtafsiria, neno nililokosa kwa Kiswahili nikalitoa kwa Kifaransa. Akanirudisha mara tatu kwenye mlango ule ulionenepa. Mwisho akakaa juu ya ndoo. "Dada yangu, kule Congo, aliimba kumupita huyu. Akaanza kuchoka. Tulimuombea vizuri, mingi sana. Hakuna mutu alituambia kuna mashine."

Nilifikiri atalia. Akamgeukia Divine: "Alhamisi utavaa kiatu kizuri. Hatuende ku mutaa kama batu ba shamba."

Mtoto wako,
Ikirezi


Nakivale, 29 Machi 2025

Shangazi Olga mpenzi,

Natumaini umepumzika baada ya sisi kukujazia nyumba. Huku wote wazima, na safari hii neno hilo naliandika nikijua maana yake.

Bado namwona yule muuguzi akiita "Ikirezi!" na sisi wawili tukasimama, na Papa Nicodème naye akasimama. Watu wote wa benchi wakatuangalia. Nilidhani sauti haitatoka. Ikatoka: "Jina ni langu, moyo ni wake." Muganga alituambia ukweli, kwamba kumpa dawa mtu asiyeihitaji na kumnyima anayeihitaji ni makosa mawili kwa kalamu moja. Kisha akafuta jina langu, akaandika la Divine. Papa Nicodème akasema, "Na huyu muoga mumupime." Asante kwa Astère aliyenishika mkono. Mafuta ni baridi kweli. Milango yangu ni safi. Moyo wa Divine una alama, bado ndogo, na sasa una watu wa kuuchunga.

Baada ya sindano alikaa upande mmoja kwenye gari mpaka tukapita Kabingo. "Moyo iko kifuani, sindano iko ku matako. Baganga banapotea njia!" Baba yake alicheka mpaka akakohoa. Lakini tarehe 17 Aprili ameiandika mwenyewe nyuma ya Biblia, na kila jioni anamuuliza koo likoje.

Nakushukuru kwa kitanda, kwa chai, na zaidi kwa kutonisemea. Ungenisemea, ningebaki yule wa kunong'ona.

Mzigo wa Papa, ule wa fomu, bado sijautua. Siku tisa. Barua hii nimeianza mara nne, na kila mtu akipita mlangoni naisukuma chini ya godoro. Sasa hivi nasikia buti za Papa uani, anazigonga ukutani matope yatoke. Anakuja. Naiacha mezani, maandishi juu, mbele ya kiti chake.

Mtoto wako,
Ikirezi