Harufu ya Ghala la Mablanketi

Geita, 6 Juni 1954

Dada yangu Apolonia,

Shikamoo. Hamjambo hapo Kishapu? Na hiyo mimba inakwendaje? Mimi mzima, ila kichwa hakiniachi. Wamenitoa shimoni mwa mgodi wa dhahabu, sasa niko ghala la mablanketi ya wafanyakazi. Tunaponda kwa mikono vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, karani anaviita naftalini, unga wake tunaunyunyiza kati ya mablanketi. Milango hufungwa ili harufu isitoke. Mwenzangu Maduhu macho yamekuwa manjano, mkojo mweusi kama kahawa. Msimamizi anamwambia, "Malaria hiyo. Meza kwinini, rudi kazini."

Mtoto nimemnunulia blanketi hapa hapa ghalani. Analileta dereva wa lori anayekuja kubeba pamba kwenu.

Mdogo wako,
Bujiku


Kishapu, 19 Julai 1954

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimejifungua mtoto wa kike, Limi. Usishangilie kwanza. Tulimfunika blanketi lako tangu siku ya kuzaliwa, likinuka vile vile. Akawa manjano mwili mzima, akaacha kunyonya. Tukamkimbiza misheni. Daktari akalinusa: "Hili lilihifadhiwa kwa dawa gani?" Nikamweleza ulivyoandika. Akalitupa nje mwenyewe. Alisema dawa hiyo huharibu damu, hasa ya wachanga, hata kwa kuivuta tu. Shemeji yako Mabula alitolewa damu, akatiwa mtoto. Sasa ananyonya.

Sikulaumu, hukujua. Lakini ugonjwa wa Maduhu si malaria. Toka humo, Bujiku, na wenzako usiwaache ndani.

Dada yako,
Apolonia


Geita, 8 Agosti 1954

Dada,

Shikamoo. Mbusu Limi kwa niaba yangu. Maduhu tulikuwa tumeshamzika barua yako ilipofika. Nimekwenda kwa mjane wake, Mbuke, nimemwambia kilichomuua mumewe. Hakulia. Aliuliza, "Wengine wanajua?"

Nikawaambia wenzangu, na asubuhi yake tulisimama wote nje ya ghala. Msimamizi akasema, "Asiyetaka kazi aende kwao." Nikamjibu, "Kazi tunaitaka. Toboa madirisha, tupe glavu, na blanketi lianikwe juani kabla ya kupewa mtu." Akaita askari. Hatukupigana, wala hatukuingia. Tungali nje.

Mdogo wako,
Bujiku


Nyarugusu, 2 Oktoba 1954

Dada yangu,

Shikamoo. Umeniandikia mara mbili sijajibu, nisamehe, nilikuwa nahama. Ghala limetobolewa madirisha na wenzangu wamerudi kazini na glavu. Mimi nimefukuzwa. Huku nachimba na wachimbaji wadogo, kichwa kimepona.

Mablanketi ya zamani yameshaenea makambini mwa wafanyakazi. Kwa hiyo Jumapili mimi na Mbuke tunapita nyumba zenye watoto wachanga, tukiwaonya mama zao wayaondoe. Wengine hutufukuza. Juzi mama mmoja alimkumbatia mwanawe ndani ya blanketi, akatuuliza, "Nikilitoa, nimfunike nini na baridi hii?"

Mbuke alivua kanga aliyojitanda mabegani, akampa. Tukaenda nyumba iliyofuata.

Mdogo wako,
Bujiku