Komeo ajifungia nje ya seva

Acha unachofanya usome hii.

Binamu yako Komeo, yule anayejiita daktari wa seva, leo kaumbuka mbele ya ofisi nzima. Mama mkaguzi wa usalama kaingia kwenye seva kutoka kompyuta yake mwenyewe, kama msimamizi mkuu, kwa nywila aliyoikuta imebandikwa chini ya kibodi ya Komeo.

Komeo akabisha. Kafungua faili la ulinzi, kauonyesha mstari unaomkataza msimamizi mkuu kuingia kutoka mbali. "Si huu hapa? Tena nimeuwekea # mwanzoni, mashine iupe uzito."

Iupe uzito. Miaka miwili seva imekaa hivyo.

Mama wa watu kamwangalia kwa huruma. "Baba, mstari wenye # mashine inauruka. Hayo ni maelezo ya sisi binadamu tu."

Komeo kaifuta ile # kwa hasira, kawasha huduma upya, katoka, kajaribu kuingia tena. Kakataliwa. Siku zote yeye huingia kama msimamizi mkuu, akaunti nyingine hana.

Mkaguzi akaandika kwenye ripoti, huku anasoma kwa sauti: "Ulinzi sasa unafanya kazi. Aliyezuiwa mpaka sasa ni mmoja."