Kindege cha Ikola

Jumatano, kambini Ikola

Naandika haya nikiwa peke yangu hemani, mbali na vijana wangu.

Kindege cheupe kilitokea upande wa ziwa, kikiruka chini chini, na sisi wa mizinga ya kutungulia ndege tulikuwa tumeshapakia risasi za kweli kwa zoezi la shabaha. Nikauliza kwenye redio kama ni cha kwetu. Meja wa jeshi la anga, aliyeko uwanja wa ndege Mpanda, akasema, "Subiri kidogo, Kapteni, nihakikishe."

Luteni wa wanamaji, kwenye boti yake, hakutaka kusubiri. "Kiko juu ya maji, kwa hiyo ni changu. Nimeshakilenga."

"Luteni, usifyatue!"

"Samahani afande, siko chini yako."

Na kweli hayuko chini yangu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ndipo Meja akarudi hewani akipiga kelele tukiache, nacho kikapita salama. Kilikuwa kimembeba mama aliyeshindwa kujifungua, kinampeleka hospitali. Meja alijua tangu asubuhi kwamba kingepita. "Nilidhani wanamaji wamewaambia nyie," akasema.

Kikaoni jioni, Kanali anayesimamia zoezi aliuliza nani kati yetu ana kauli ya mwisho juu ya anga. Tukanyoosha mikono wote watatu. Akasema tutaelewana huko huko kazini, kesho zoezi linaendelea.

Nilimfuata nje. Nikamwambia mizinga yangu haitapakiwa risasi mpaka atajwe mtu mmoja wa kutoa amri.

"Unakataa amri, Kapteni?"

Nikawaza miaka yangu yote jeshini, nikawaza na yule mama.

"Ndiyo, afande."