Kizingiti cha Abu Hazaa

Ijumaa, 2 Oktoba 2009

Nilikusudia leo kuimaliza sehemu ya fidia katika tasnifu yangu ya sheria za kimila. Sikuandika hata neno. Nidal, rafiki yangu wa hapa Irbid, aliingia chumbani akichezesha funguo za gari la shangazi yake, akakifunika kitabu kwa kiganja. — We Daktari, vitabu vina miguu? Havitoroki. Twende ng'ambo ya mpaka tukale nyama kwa watu wanaojua kuipika, ikifika magharibi tumerudi. — Nikamwambia Irbid nayo ina nyama. Irbid ina nyama, akasema, ila haina hamu. Mantiki mbovu. Nikavaa viatu.

Mpakani foleni ya wachuuzi wa sigara, na askari aliyeitazama pasipoti yangu ya Yemen akauliza kama Taiz ni mji au ni maradhi. Nidal alicheka njia nzima hadi Daraa. Tukala. Chakula kilikuwa kitamu — naliandika hili kwa sababu nimeanza kutoliamini.

Naandika sasa katika nyumba ya watu nisiowajua. Mkono wa kushoto hauinuki. Nitayaweka mambo kwa mpangilio wake.

Tulikuwa tunarudi. Kijiji kando ya barabara; lori la nyanya limeegeshwa; pikipiki ikachomoza nyuma yake. Kishindo! Nidal alishuka, akapiga magoti, akakipakata kichwa cha mwendesha pikipiki. Hilo ndilo kosa. Si la moyo, ni la mahali. Desturi ya watu hawa na ya kwao Nidal ni moja, naye amelelewa nayo: aliyemwaga damu hasimami kuuliza hali. Hukimbilia nyumba ya mtu wa tatu na kuomba hifadhi, kwa kuwa mwanzoni damu huchemka, na hakuna amlaumuye mfiwa kwa lolote atakalotenda. Mzee mmoja alikuwa langoni pake akipaza sauti: Ingieni kwangu, wapumbavu! Ingieni! Nidal akamjibu: Bado anapumua, ami! Leteni maji!

Maji hayakuja. Walikuja watu. Mnyororo wa trekta ulimwangukia Nidal mgongoni — niliusikia kabla ya kuuona. Mimi nilipigwa bega kwa mpini wa sepetu. Nikamkamata Nidal ukosi, nikamburuta, naye hakutaka kumwachia majeruhi. Ikanibidi nimkanyage vidole. Nilimkanyaga kwa nguvu zangu zote.

Tulipovuka kizingiti, yule mzee alisimama kati, bunduki ya kuwindia mkononi. — Wako usoni pangu, chini ya heshima yangu! Atakayewagusa amenigusa uso! — Mawe yakasita. Hasira ikageukia gari. Linaungua hadi sasa, na harufu ya matairi imeingia katika mkate tuliopewa.

Anaitwa Abu Hazaa. Hajui sisi ni nani, wala hajatuuliza.


Jumamosi, 3 Oktoba

Amefariki. Jina lake Rakan, alikuwa akiuza kondoo. Jina tumelipata katika vilio vya wanawake, ng'ambo ya barabara.

Polisi walifika asubuhi. Afisa aliutazama umati, akawatazama askari wake, akahitimisha kwamba kituoni Nidal atauawa na hapa huenda asiuawe. Hoja sahihi. Ameacha askari wawili, nao wameketi nyuma ya nyumba, upande usio na watu.

Adhuhuri jamaa wa marehemu walilipiga risasi tangi la maji juu ya paa. Maji yakamwagika ukutani mithili ya mvua, na kuku wakayakimbilia. Kisha ndugu wa marehemu, Dhahir, mtu mpana mwenye sauti iliyokwisha kupasuka, aliwatoa kondoo wa Abu Hazaa zizini akawakata shingo mbele ya lango, bila kibla, bila bismillahi, akawaacha wagaegae. Nyama ile ni haramu kwa kila mtu. Ndivyo alivyotaka.

— Abu Hazaa! Tutolee huyo mbwa!

— Mbwa wangu unamjua, Dhahir, alikuuma ulipokuwa mdogo. Huyu ni mgeni.

— Mgeni wako ameniulia ndugu!

— Na mimi nimelia. Mwenyezi Mungu amrehemu Rakan, alikuwa bora kuliko wewe. Rudi nyumbani.

Watu wawili walicheka. Dhahir aligeuka akampiga mmoja wao kwa kitako cha bunduki. Alianguka na meno yamemtoka.

Baadaye sauti nyingine iliniita mimi: We Myemeni! Toka, nenda zako, damu yako hatuidai! Nayo ni kweli. Kisasi hufuata nasaba. Mimi si wa nasaba ya Nidal, sikushika usukani. Mlango u wazi kwangu tu. Abu Hazaa alinitazama, akasema niamue upesi, chai inapoa.

Nilikunywa chai.


Jumapili, 4 Oktoba

Hazaa, mtoto mkubwa wa mwenye nyumba, alikwenda kwenye tanuri la mkate. Walimngoja kwenye kona, wakamdunga kisu pajani. Alirudi akichechemea na mkate wote chini ya kwapa, suruali imelowa hadi kiatuni. Mama yake akamlaza, akamfunga jeraha kwa kitambaa chake cha kichwa, kisha akatuwekea sahani. Hakututazama. Kuleni, akasema, mkate huu umeletwa kwa damu, msiuache ukakauka.

Nidal hakula. Alikwisha kusikia kwamba mazishi ni baada ya alasiri.

— Nitakwenda, Shauqi. Nimeua mtu, halafu nikae hapa nalishwa mayai? Nitamwangukia baba yake miguuni.

Nikampinga kwa hoja. Msamaha unaoombwa damu ingali ikichemka ni uchokozi. Naye anajua, ni desturi yake kabla ya kuwa somo langu. Akaniambia hajaniuliza kifungu cha sheria. Akaelekea mlangoni.

Abu Hazaa alimzuia kwa maneno kwanza. — Sikiliza, mwanangu. Ndani ya kizingiti hiki wewe ni uso wangu. Ukivuka kwa hiari yako, wewe si kitu kwangu. Bunduki yangu haina haki ya kusema neno. Na mwanangu atakuwa amechomwa kisu bure. Umenielewa?

Nidal akamwambia ameelewa, akamsukuma. Mzee alimpiga kibao, kisha kitako cha bunduki tumboni. Hakupiga kwa hasira. Alipiga kama mtu anayefunga dirisha upepo ukivuma. Nidal akaanguka, akainuka, akaja tena, akaniuma kiganja nilipomzuia. Tukamlaza chini. Nikamkalia miguu. Jeneza lilipopita barabarani alikuwa akipiga kichwa sakafuni na kulitaja jina la Rakan, na mama wa Hazaa akamwekea mto chini ya kichwa.

Nimeandika miaka mitatu juu ya dhima. Sina neno la kitendo cha yule mama.


Jumatatu, 5 Oktoba

Wamevuka mpaka asubuhi. Ujumbe wa wazee kutoka Irbid, walioitwa na Abu Hazaa waje kuomba suluhu, baba yake Nidal katikati yao, mfupi kuliko nilivyomdhania, shemagi jeupe la kichwani limepigwa pasi vizuri mno. Abu Hazaa amewapokea barabarani, akawaongoza hadi hema la matanga, linaloelekeana na dirisha hili. Amenikabidhi Nidal. — Kazi yako ni moja tu, Daktari. Asitoke. — Hazaa amelala chumba cha pili, homa imempanda.

Nidal amejifunika blanketi hadi kichwani.

Pazia la hema limefunguliwa, naona vizuri. Baba wa marehemu, Haji Mutlaq, ameketi mbele, Dhahir kulia kwake, kichwa wazi. Kahawa imemiminwa. Kila mjumbe amekiweka kikombe chake chini mbele yake, hakukigusa. Huo ndio utaratibu: kahawa ya mfiwa hainywewi mpaka haja isikilizwe. Haji Mutlaq akisema kunyweni, kisasi kimesitishwa na jioni tutakuwa Irbid. Akiiacha ipoe, wataondoka na kiu yao, na Dhahir ataruhusiwa na wote kulipa kisasi. Na hadi neno hilo litoke, hakuna mjumbe anayeinuka. Ainukaye ameiondoa haja yake kwa mwili wake mwenyewe.

Msemaji wao amemaliza. Haji Mutlaq ameinamisha kichwa. Anakitazama kikombe kilicho mbele ya baba yake Nidal, na midomo yake inatikisika — anasema? Dhahir amemshika mkono, naye ameutoa mkono wa Dhahir polepole, kama mtu atoaye mwiba. Nadhani atasema. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, naona kwamba

Blanketi limelala bapa.

Mlango wa nyuma. Nilikuwa nikiandika!

Yuko barabarani. Hana viatu, viganja viko wazi mbele yake, anatembea kama mtu aendaye kuswalisha. Askari wanamwangalia. Amelipita gari lililoungua. Wanawake wamemwona kwanza, wakanyamaza wote kwa pamoja, na ukimya huo ndio uliowageuza wanaume.

Dhahir ameinuka.

Abu Hazaa amesimama mahali alipo, nje ya hema, bunduki imelenga chini. Haiinui. Anamwangalia Nidal akivuka kila kitu alichokuwa na haki ya kumlindia, na machozi yanamtoka.

Baba yake Nidal amemwona. Mikono yake miwili imeshika magoti yake mwenyewe, inayakandamiza ardhini. Hainuki. Kikombe kiko mbele yake, na hainuki!

Haji Mutlaq amefumbua kinywa. Dhahir amekwisha kuondoka pembeni pake.

Katika watu wote walio mbele ya macho yangu, hakuna ambaye sheria hii inamruhusu kusogea ila mimi, nisiye wa nasaba wala wa ujumbe. Naiacha kalamu.