Fungu Lako la Figiri

Ujiji, 3 Desemba 2023

Kwa mdogo wangu Thobias,

Mwakeye, na salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini unaendelea vizuri na kazi. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Nakuandikia barua kwenye simu, kwa kidole kimoja, kwa sababu ukipiga wewe mimi nimelala, na nikipiga mimi wewe umelala. Basi tuandikiane, kila mtu asome akiamka.

Melania, yule jirani aliyekuja likizo, anarudi huko kwenu Winnipeg Alhamisi. Nimempa bahasha yako. Uifungue taratibu, usije ukapiga chafya. Ndani kuna mbegu za figiri ya Mama.

Mwaka jana tulipoondoa matanga, wazee waliuliza marehemu ameacha nini cha kugawa. Nyumba ni ya kupanga, na bustani ile ya kando ya ziwa haina hati. Nikawashushia kibuyu cha mbegu. Walicheka, lakini niligawa mbele yao kwa kijiko cha chai: kimoja cha Scola, kimoja cha Thobias, mpaka kibuyu kikaisha. Hukuweza kuja kwa sababu ya makaratasi yako, basi fungu lako limekufuata.

Unamjua Mama. Mboga aligawa hadi kwa waliomsema, ila mbegu hakumpa mtu. Ujiji nzima hakuna mwingine mwenye figiri ile ya ukingo wa zambarau, ile inayoacha uchungu kidogo mwishoni. Ni mimi na wewe tu. Panda hata kwenye sufuria mbovu. Na ukumbuke sheria yake: ukipanda, mkono urudi mtupu.

Dada yako,
Scola


Winnipeg, 14 Januari 2024

Dada Scola,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, baridi tu. Jana nilianika taulo nje likageuka ubao.

Bahasha nimeipata. Nilipoifungua ilitoa harufu ya moshi wa jikoni kwetu. Nilikaa kwenye ngazi nikainusa muda mrefu, mpaka bibi wa ghorofa ya chini akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni mama yangu huyu. Alikaa na mimi.

Bibi huyu ana bustani uani na amenionyesha namna watu wa huku wanavyopanda wakati wa baridi. Unachukua dumu la maziwa la plastiki, unalikata kiunoni bila kulimaliza, lifunguke kama mdomo. Unatoboa matundu chini, unatia udongo, unamwaga mbegu, unalifunga kwa utepe wa gundi. Kizibo unakitupa ili theluji na mvua viingie. Halafu unaliweka nje na kwenda zako. Nyumba ya wazee ninakofanya zamu ya usiku inamaliza maziwa mengi, kwa hiyo nimejaza madumu tisa. Yako uani, yamefunikwa na theluji, vinaonekana vichwa tu.

Na mkono ulirudi mtupu, kama alivyotaka.

Mdogo wako,
Thobias


Gungu sokoni, 15 Januari 2024

Thobias!

Marahaba. Salamu nyingine utazikuta mwishoni kwa sababu sasa hivi nina hasira, na wateja wamenisogelea wanauliza kuna nini.

Umemwaga mbegu za Mama kwenye barafu? Mtoto mchanga analazwa uani? Tangu utotoni ulikuwa ukiona ndoo ya kumwagilia unakimbilia ziwani, kule mwaloni kwenye mitumbwi, kuogelea, leo umekuwa bwana shamba wa theluji! Yaingize ndani hayo madumu. Yaweke karibu na jiko, uyafunike na lile blanketi nililokupa.

Wote hapa wazima, wanakusalimu. Goti ni baya.

Dada yako,
Scola


Winnipeg, 28 Januari 2024

Dada yangu,

Shikamoo, na pole kwa goti. Lipake mawese ya moto kama alivyokuwa akifanya Mama.

Nimemweleza bibi hasira zako, akacheka mpaka akashika ukuta. Anasema mbegu nikiziweka ndani zitadanganyika. Zitaona joto, ziote upesi, zirefuke bila nguvu, na siku nikizitoa nje zitakufa. Nje zinalala. Theluji ikianza kuyeyuka inazimwagilia yenyewe, kidogo kidogo, na zinaamka zikiwa tayari zimezoea ubaya wa huku. Mimi mwenyewe nililetwa hapa mwezi wa kumi na mbili na koti la kuazima, kwa hiyo nimemwelewa.

Tena hakuna ndoo ya kubeba. Hiki ndicho kilimo nilichokuwa nakitafuta tangu utotoni.

Mdogo wako,
Thobias


Gungu, 21 Aprili 2024

Mdogo wangu Thobias,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima? Sisi ni wazima, na tumshukuru Mungu kwa hilo, maana vingine vyote vina maji.

Ziwa limekuja. Lilianza kulamba tuta la chini, nikahamishia miche juu. Likapanda tena, nikahamisha tena. Watu walisema nihame, nikasema Mama alilima hapa maisha yake yote, maji yatarudi. Hayakurudi. Juzi ukuta wa jiko ulianguka ndani ya maji pamoja na kibuyu kilichokuwa kinaning'inia juu ya moshi. Niliingia mpaka kiunoni kukitafuta. Nilikipata kimepasuka, na ndani kulikuwa na maji matupu. Bustani yote sasa watu wanapita juu yake kwa mtumbwi.

Nimehamia huku Gungu kwa Bibiana, yule tuliyekuwa tunauza naye. Amenipa chumba, Mungu ambariki. Uani kwake ni saruji tupu, hata majani hayaoti. Sokoni nauza mchicha wa watu. Kila mtu ananiuliza, "Figiri ya Mama Scola iko wapi?"

Nakuomba kitu kimoja. Nirudishie nusu ya fungu lako. Najua uliandika kwamba mkono ulirudi mtupu, lakini Mama alipanda zile alizozishusha tu. Nyingine zilibaki kwenye kibuyu juu ya moshi, mwaka hadi mwaka. Najua na wewe umebakiza. Niambie umebakiza hata kijiko kimoja, nilale.

Dada yako,
Scola


Gungu, 5 Mei 2024

Thobias,

Habari za siku nyingi. Natumaini huumwi. Zile tiki mbili za bluu niliziona siku ileile, kwa hiyo najua barua yangu umeisoma.

Mimi si mkali kama unavyodhani. Kama kuna neno, liseme. Kimya chako ndicho kinanitisha.

Dada yako,
Scola


Winnipeg, 6 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Siumwi. Pole sana kwa jiko na kwa bustani. Pole kwa kuingia majini na goti hilo.

Sikubakiza hata moja.

La juu ya moshi sikulijua. Mama akipandisha kibuyu mimi nilikuwa nimeshafika mwaloni, wewe mwenyewe umesema. Nililolishika ni lile la mkono tu, na nililishika kwa moyo wote, nikidhani safari hii nimemtii.

Madumu matatu upepo umeyachukua, mengine yalipasuka kwa baridi. Yaliyobaki nayachungulia kila nikitoka kazini. Udongo mweusi, basi. Ya bibi yameshaota kabichi. Nilikuwa nasubiri nipate habari njema ndipo nikujibu, kila siku nikasema kesho.

Nisamehe. Ulinipa urithi wa Mama nikaumwaga kwenye theluji.

Mdogo wako,
Thobias


Gungu, 7 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Nimelia, sikufichi. Bibiana aliniletea chai nikaikataa, halafu nikainywa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini nisikilize na mimi. Mimi la moshi nililijua, na bado nikaning'iniza mbegu zote mahali pamoja, huku nikiliona ziwa linakuja. Wewe ulipoteza kwa kutojua, mimi nilipoteza kwa ubishi. Mama alituachia sawa na tumepoteza sawa. Kwa hiyo mzigo huu usijitwishe peke yako kama vile mimi sipo.

Kilichoniuma zaidi ni zile siku ulizonyamaza. Figiri ikiisha, imeisha. Mimi na wewe tukiacha kuandikiana, nani atabaki wa kuikumbuka?

Kula vizuri. Na hayo madumu usiyatupe kwanza.

Dada yako,
Scola


Winnipeg, 22 Mei 2024

Dada! Shikamoo! Wazima?

Imeota.

Ni dumu moja tu. Niliwahi kulisukumia nyuma ya ngazi, kwenye kivuli, nikalisahau. Theluji ilikaa pale mpaka mwisho kabisa, udongo haukukauka. Leo nimekwenda kufagia nikaona vijani viwili viwili, vichache, vimeegemea plastiki. Niliinama kuvitazama. Ukingo ni wa zambarau.

Ni yeye, dada.

Thobias wako


Gungu, 22 Mei 2024

Marahaba, marahaba, marahaba!

USILE.

Sikia, nimepiga kelele hapa Bibiana akadhani nimeumwa na nyoka. Usile hata jani moja, Thobias. Ukipunguza miche, ile unayoing'oa ihamishie kwenye dumu lingine, usitupe. Zitatoa maua ya njano, yaache. Yatakuja maganda membamba, yaache. Yakigeuka rangi ya majani makavu na kulia ukiyatikisa, kata asubuhi kabla jua halijayapasua, na utandike shuka chini. Ndege uwafukuze. Mwambie na bibi awafukuze.

Na umsalimie. Mwambie nimeondoa yale niliyoyasema mwezi wa kwanza.

Dada yako anayekupenda,
Scola


Winnipeg, 1 Septemba 2024

Dada Scola,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi nimekuwa mweusi kama zamani kwa kukaa uani.

Jua la huku wakati wa joto halijui kwenda kulala. Figiri zilidhani zimechelewa, zikakimbilia kutoa maua zikiwa fupi. Bibi alikuwa anakaa na kiti chake na fimbo, akiwafukuza ndege kwa lugha yake, mimi nikiwa nimelala baada ya zamu. Nimevuna juu ya shuka. Zimejaa kikombe, na zaidi kidogo.

Nina la kuungama. Nimekula jani moja. Lilikatwa na mvua ya mawe, nakuapia, mimi sikulichuma. Nililitafuna nimesimama palepale, bila ugali wala chumvi. Ule uchungu wa mwishoni ukaja. Siku uliyonipigia kuhusu Mama sikulia, dada. Nilivaa sare nikaenda kazini. Nimelia juzi, uani, na jani mdomoni, na bibi akakaa na mimi tena.

Mbegu zote nimempa Melania, anakuja huko mwisho wa mwezi. Zote ni zako. Sistahili kubaki na kitu.

Kuhusu ua wa saruji, usiwe na wasiwasi. Pale sokoni wauza mawese wanatupa madumu. Osha kwa majivu na maji ya moto mpaka utelezi uishe, kata kiunoni, toboa chini, tia udongo. Wewe huhitaji kufunga wala kungoja theluji. Ila ndoo, pole, utabeba.

Mdogo wako,
Thobias


Gungu, 8 Desemba 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Mwakeye. Sote ni wazima, Bibiana anakusalimu, na hata goti linakusalimu, kwa sababu limepata kazi.

Ungeuona ua wa watu! Madumu ya mawese yamepangwa ukutani, kuna karai lililotoboka, kuna na beseni la kuogea la mjukuu wa Bibiana, ambaye sasa anaogea kwenye ndoo. Mvua zilipoanza nikamwaga mbegu. Ziliota kwa kasi kama zilikuwa zinangoja kwenye foleni. Ila nikuambie ukweli, zimerudi na tabia. Majani ni mafupi na magumu kidogo, hazinyauki haraka, na ukizikaripia hazisikii. Nimemwambia Bibiana zimelelewa na Thobias.

Jumapili iliyopita nilichuma za kwanza. Nikapika kwa mawese na dagaa wakavu, ugali wa muhogo, tukala wawili. Halafu Bibiana akasema, "Huyu ni mama yako kabisa." Jumatatu nilipeleka mafungu machache sokoni. Hayakufika saa nne. Mama mmoja alilinusa fungu lake kabla ya kulipa, akalinusa tena.

Sasa lile la kwamba hustahili. Nani alikuuliza? Nilizopanda ni nusu tu ya ulizoniletea. Nusu nyingine nilizigawa kwa kijiko kilekile cha chai, na shahidi ni Bibiana: kimoja cha Scola, kimoja cha Thobias. Fungu lako analo Melania, atafika huko kabla ya Krismasi. Urithi haurudishwi, mdogo wangu, hata ukiwa na aibu.

Safari hii usimwage zote. Ile sheria ya Mama naiongezea la kwangu: mkono urudi na kijiko kimoja. Kiweke mahali pakavu, mbali na fungu langu. Ziwa haliwezi kufika huko, na theluji haiwezi kufika Gungu. Likinipata mimi, utanipa wewe. Ikikupata wewe, nitakupa mimi.

Langu sijajua niliweke wapi. Hapa kwa Bibiana tunapikia gesi, juu ya jiko hakuna moshi wa kutundikia kibuyu. Nilikaa nikiwaza jambo hilo jioni nzima, kisha nikaacha kuwaza. Moshi wangu ni wewe.

Kunywa maziwa, usitupe madumu. Na mtu akikuuliza tena pale kwenye ngazi, mwambie umepata barua kutoka kwa dada yako.

Dada yako,
Scola